Bei ya Kujua Ulipo

Mwaka 1869 mwenye gazeti la New York Herald, James Gordon Bennett Mdogo, alimwagiza mwandishi wake Henry Morton Stanley amtafute David Livingstone. Alitaka kujua jambo moja tu: mzee huyo yuko wapi? Jibu lake lilikuwa na soko. Stanley aliondoka Bagamoyo Machi 1871, akasafiri zaidi ya miezi saba, na njiani akakutana na msafara uliomwambia kwamba Ujiji kuna mzungu mzee mwenye ndevu nyeupe. Novemba akamkuta. Habari ile ikauza magazeti Marekani na Ulaya.

Sisi tuliosoma Kigoma tunaijua hadithi hiyo kwa moyo. Tulipelekwa Ujiji kuona makumbusho na miembe, tukakariri salamu ya Stanley. Lakini hatukuwahi kuulizwa: je, Livingstone alikubali kutafutwa? Bahati yake, mgeni alimletea barua na mahitaji. Si kila anayetafutwa hupata mgeni wa namna hiyo.

Reli ya Kati ilipofika Kigoma mwaka 1914, watu wetu nao wakaanza kuhesabiwa. Chini ya Waingereza, vijana wa Buha walisafirishwa kwa maelfu kwenda kukata mkonge Tanga. Mwaka 1944 wenye mashamba walianzisha SILABU, ofisi ya kuwatafutia vibarua. Waliochukuliwa wakaitwa manamba, kwa sababu kila mmoja alikuwa namba. Shambani kibarua alikuwa na kipande, kadi ya siku 30 iliyoonyesha siku ipi alikuwa kazini na ipi hakuwapo. Kadi ilimhusu yeye, lakini waliofaidika kwanza na maelezo yake walikuwa wengine.

Leo kadi hiyo ni simu. Ili upokee simu ukiwa Mwanga au Kibirizi, mtandao lazima ujue uko karibu na mnara gani. Hilo halina ubaya, ndiyo kazi tunayoilipia. Ila programu ya tochi au ya mchezo haihitaji kujua ulipolala jana. Ukibonyeza “kubali” bila kusoma, inaweza kukusanya mahali ulipo mchana na usiku, ikawauzia madalali wa taarifa, nao wakamuuzia yeyote mwenye fedha.

Bei yenyewe tunaijua. Januari 2019 mwandishi wa Marekani, Joseph Cox, alitoa dola 300 kwa mtu anayefanya kazi ya kuwasaka watuhumiwa kwa malipo. Akampa namba ya simu tu, ambayo mwenyewe alikubali ijaribiwe. Akaletewa ramani ya mtaa wa Queens, New York, ilipokuwa simu ile. Stanley alihitaji wapagazi na miezi. Cox alihitaji namba. Kampuni za simu zilikuwa zimewauzia madalali taarifa hizo, na madalali wakaziuza tena. Aprili 2024 Tume ya Mawasiliano ya Marekani ilizitoza AT&T, Verizon, T-Mobile na Sprint faini ya karibu dola milioni 200. Kampuni zikapinga mahakamani.

Usiseme hayo ni ya Wamarekani. Tundu Lissu alipigwa risasi Dodoma tarehe 7 Septemba 2017, akanusurika. Mwaka 2024, katika baraza la ajira jijini London, mchunguzi wa zamani wa Millicom, kampuni iliyomiliki Tigo wakati huo, alidai kwamba taarifa za mahali ilipo simu ya Lissu zilipelekwa serikalini wiki kadhaa kabla ya shambulio. Hapo hapakutajwa biashara ya madalali. Lakini swali ni lile lile: nani anaweza kupewa habari za mahali ulipo bila wewe kujua?

Tunayo sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Aprili 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Tume ya kuisimamia. Inataka taarifa zikusanywe kwa lengo halali na linalojulikana. Mimi naomba Tume iende mbele zaidi: izitaje taarifa za mahali waziwazi, ipige marufuku kuziuza kwa mtu wa tatu, na iweke muda wa kuzifuta kazi iliyozihitaji ikiisha. Ruhusa ya kubonyeza mara moja haitoshi, kwa sababu anayebonyeza hamjui mnunuzi wa tatu wala wa nne.

Wapo watakaosema sheria kali itaua biashara changa. Biashara ya kuonyesha njia au kuleta mzigo itaendelea, kwani inajua ulipo kwa kazi uliyoiomba. Itakayokufa ni ile inayoishi kwa kuuza nyayo zako.

Na mkoa wetu una sababu ya kulidai hili kabla ya wengine. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, imepokea wakimbizi tangu 1996, kwanza kutoka Kongo, baadaye na Burundi. Wapo waliovuka ziwa wakiwakimbia watu wanaowajua kwa sura na kwa jina. Mtu kama huyo hapaswi kupatikana kwa sababu tu aliwasha tochi ya simu yake kambini.