Asili ya 'Cough' na 'Kohoa'

Msomaji anayeliweka neno la Kiingereza 'cough' kando ya neno la Kiswahili 'kohoa' hushawishika kudhani kwamba la pili limetokana na la kwanza. Dhana hiyo yafaa ikataliwe mapema, maana wako waliozoea kukiona Kiswahili kuwa lugha ya kuazima tu, hata pale ambapo mali ni yake mwenyewe.

Ushahidi uko kwa ndugu zake. Waganda husema okukolola, Wakikuyu gũkorora, Wanyarwanda gukorora, na Washona wa Zimbabwe kukosora. Jamaa hawa walikwisha kutawanyika kabla Mwingereza hajatia nanga pwani. Kiswahili kimeidondosha tu ile l ya baina ya irabu, kama katika zaa, ambalo kwa Waganda ni okuzaala.

Nalo neno la Kiingereza lina ukoo wake. Waholanzi wana kuchen, kukohoa. Wajerumani wana keuchen, yaani kutweta. Zamani herufi gh zilitamkwa kooni, karibu na kh ya Waarabu. Baadaye sauti hiyo ikageuka f katika maneno kadhaa, na katika mengine ikatoweka kabisa, ila tahajia haikubadilika. Ndiyo taabu ya watoto wetu shuleni hadi leo. Katika chapa ya tamthilia za Shakespeare ya 1623, neno hili limeandikwa 'coffe' na kutiwa kina kimoja na 'loffe', yaani kucheka. Basi f ilikwisha kusikika.

Kufanana kwa maneno haya kumetokana na kifua chenyewe: kila lugha imeiga mlio uleule kwa njia yake.

Lakini matumizi yameachana. Mwingereza huambiwa 'cough up' atakiwapo kulipa deni asilopenda kulilipa, au kukiri alilolificha. Mswahili hapo hasemi kukohoa. Husema mlaji wa fedha za umma atazitapika, na picha hiyo ni kali zaidi. Kwake kikohozi kina kazi ya adabu. Mtu hujikohoza akikaribia ua wa watu, waliomo wajisitiri kabla hajapiga hodi. Na mzee hujikohoza barazani pindi kijana anapovuka mpaka wa maneno, naye kijana, akiwa amelelewa, hunyamaza.