Mzigo wa Nyumbani Unaopita kwa Jirani

Nilianza kazi ya udeklaranti katika bandari ya Kalundu mwaka 1983. Kwetu Uvira forodha tunaiita duani, na deklaranti ndiye anayemwandikia mwenye mali karatasi zake, akazipeleka dirishani na kusubiri muhuri. Mzigo wa kwanza nilioachiwa peke yangu ulikuwa mifuko 160 ya saruji ya Kabimba, iliyoshushwa kutoka kwenye bato ya Kalemie. Saruji hiyo ilitengenezwa Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, ikasafiri katika Ziwa Tanganyika ikiambaa pwani ya Zaire, na ilikuwa inakwenda Bukavu, ndani ya Zaire hiyohiyo. Hata hivyo mzee aliyekuwa akinifundisha aliniambia, «Andika kwamba inatoka nchini.» Nikamwuliza inatokaje nchini ilhali inakwenda Bukavu. Akanijibu, «Mwanangu, muulize Ngomo.»

Ngomo ni mlima uliosimama kati ya Kamanyola na Bukavu. Kutoka Uvira hadi Bukavu ni kilomita kama 130. Sehemu kubwa ya njia hiyo ni tambarare ya Ruzizi: unapita Kiliba penye mashamba ya miwa, Sange, Luberizi, Luvungi, hadi Kamanyola. Hapo tambarare inakwisha. Barabara inapanda ubavuni mwa mlima, nyembamba, korongo likiwa chini ya magurudumu, na mvua ikinyesha udongo hushuka. Ndiyo maana shofa mwenye mzigo mzito huvuka mto Ruzizi pale Kamanyola, akaingia Bugarama upande wa Rwanda, akapanda hadi Kamembe, kisha akashuka tena Ruzizi na kuingia Bukavu. Mzigo umetoka nchini na kurudi nchini siku moja, bila kubadili mwenyewe wala bei.

Baba yangu hakuijua karatasi hiyo ya kutoka na kurudi. Alikuwa mhesabu mizigo katika reli ya Kivu, iliyojengwa na Wabelgiji kutoka Kalundu hadi Kamanyola. Katika miaka ya 1930 treni ilichukua bandarini shehena za meli na kuzifikisha mguuni mwa milima. Walikusudia reli ifike Bukavu, lakini Ngomo iliizuia, na kabla ya uhuru ikaachwa kabisa. Kutoka Kamanyola mizigo iliendelea kwa kamioni. Baba alisema kuvuka Ruzizi wakati huo kulikuwa kama kuvuka Mulongwe, mto unaopita katikati ya mji wetu. Sheria ya Ubelgiji ya tarehe 21 Agosti 1925 ilikuwa imeiunganisha Ruanda-Urundi, yaani Rwanda na Burundi za leo, na Kongo katika utawala mmoja, na faranga ya Uvira ndiyo iliyokuwa faranga ya Cyangugu, upande wa Rwanda, na ya Usumbura, Bujumbura ya leo. Hakuna aliyemwuliza mtu sukari yake imezaliwa ng'ambo ipi.

Mgeni wa kweli alikuwa mashariki, ng'ambo ya ziwa. Reli ya Wajerumani kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma mwaka 1914, na baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia Tanganyika ikawa mikononi mwa Waingereza. Tarehe 15 Machi 1921 Uingereza na Ubelgiji zilitia saini mkataba: Ubelgiji ipewe maeneo Dar es Salaam na Kigoma, kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka, milele, na mizigo ya Kongo na Ruanda-Urundi ipite Tanganyika bila kutozwa ushuru. Maeneo hayo yakaitwa Belbase. Tanganyika ilipokaribia uhuru mwaka 1961, Nyerere alikataa nchi huru ifungwe na kukodisha ardhi yake milele. Alikuwa na haki. Hata hivyo mizigo haikuacha kupita, kwa sababu sisi wa ziwani hatuna bahari nyingine iliyo karibu.

Nimeufikiria sana mkataba ule. Uliandikwa kwa ajili ya behewa zima na kampuni yenye ghala. Mwenye shehena kubwa alilindwa tangu mwanzo. Kuhusu mama mwenye mabido, yaani madumu, machache haukusema neno.

Tarehe 1 Julai 1962 Rwanda na Burundi zilipata uhuru, kila moja na serikali yake, na muda si mrefu kila moja na fedha yake. Mto Ruzizi ukawa mpaka kamili. Ngomo haikusogea. Tangu hapo ndipo mzigo wa nyumbani ulipolazimika kutafuta ushahidi wa kwao.

Ushahidi wenyewe ni mambo mawili: karatasi na plombi. Karatasi inataja aina ya mali, idadi, uzito, alama, na namba ya kamioni. Plombi ni lakiri ya risasi inayobanwa kwenye waya juu ya turubai. Duani ya kutokea inaandika na kufunga, jirani anaangalia plombi na kuacha mzigo upite, duani ya kuingilia inahesabu na kufungua. Ikiwa hesabu ni ileile na plombi ni nzima, mali imerudi nyumbani na haidaiwi kitu. Ni utaratibu mzuri, nami niliupenda kama fundi anavyopenda randa yake.

Lakini mwaka 1991 niliona unavyomwumiza mtu. Mama mmoja wa mji wa Baraka, katika Fizi, alileta Kalundu mabido 14 ya mawese. Hakuwa na uwezo wa kukodi kamioni, akapanda katika kamioni ya mchanganyiko: mawese yake, ndagala za mwingine, mahindi ya wa tatu. Plombi ilikuwa moja kwa wote. Katika ofisi moja njiani mtu aliikata ili atazame ndagala, na hakufunga tena. Mwisho wa safari wakasema mzigo usio na plombi ni mzigo wa kigeni. Yule mama alitozwa ushuru wa kuingiza mafuta yaliyokamuliwa Fizi, uani kwa wakwe zake. Akauza mabido mawili palepale ili alipe. Karatasi nilikuwa nimeiandika mimi, kwa jina la mwenye kamioni tu, kama ilivyokuwa desturi.

Mikataba ya kupunguza mzigo huu haikukosekana. CEPGL, jumuiya ya uchumi ya nchi za Maziwa Makuu, ilianzishwa Gisenyi tarehe 20 Septemba 1976, Zaire, Rwanda na Burundi zikiahidiana watu na mali kupita kwa urahisi. COMESA, soko la pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika, ilikuja 1994. Kongo ilipata kanuni mpya ya forodha mwaka 2010, na mwaka 2022 ikaingia Jumuiya ya Afrika Mashariki. Hata utaratibu mwepesi wa wafanyabiashara wadogo umewekwa, nao ni msaada mkubwa kwa anayenunua Rwanda akauza Bukavu. Lakini unamhesabu kuwa anaingiza mali. Yule anayepita tu, na mali ya kwao, bado anategemea plombi ya kamioni ya mtu mwingine.

Njia zenyewe nazo zinakatika. Wengine walizoea kuzunguka kwa Gatumba na Bujumbura, wakaingia Rwanda kwa Ruhwa, wakivuka nchi mbili ili wafike nchi yao. Januari 2024 Burundi ilifunga mpaka wake na Rwanda. Februari 2025 vita vilifika Bukavu na Kamanyola. Siku njia itakapotulia, mabato yatashusha tena magunia Kalundu, na Ngomo itakuwa palepale.

Tangu safari ile ya 1991 sijaandika tena kamioni ya mchanganyiko kwa jina moja. Kila mwenye mali nampa mstari wake: jina, kijiji alikotoka, idadi, na alama ya rangi niliyoipaka mwenyewe kwenye kila bido na kila gunia. Nakala moja inabaki duani, ya pili anapewa shofa, ya tatu anafunga mwenye mali katika kitenge chake. Karatasi hiyo haimo katika sheria yoyote. Mara nyingi wakaguzi waliikubali kwa utu wao tu, na utu hubadilika zamu ikibadilika. Ninaomba iingizwe katika sheria, ukurasa mmoja, bila malipo, ili plombi ikikatwa mama wa Baraka awe na la kuonyesha.