Revolveri ya nkambo: tuiguse ao tuiache?

Swali hili limetoka kwa mwenzetu mmoja wa chama. Ameniruhusu nilijibu hapa mbele ya wote, bila jina lake wala mji wake. Baba yake alipokufa, familia ilifungua sanduku ya chuma na kukuta ndani revolveri ya zamani, imefungwa katika kitambaa. Ilikuwa ya nkambo, ambaye wakati wa Wabelgiji alikuwa kapita wa pamba huku kaskazini ya Katanga. Fundi mmoja wa mtaa akaiangalia, akasema: «Hii tunaipiga musasa, tunaipaka nikeli, itangaa sawa mupya. Na kipipa natoboa kidogo tu, itakubali masasi ya leo.» Baba mudogo amekubali, anataka iwekwe salon, na siku moja iuzwe. Mama mukubwa anasema itupwe mtoni. Na mwenzetu anauliza: kufuatana na historia, tuibadilishe ao tuiache?

Mimi ni mtu wa udongo na mbegu, siyo wa silaha. Basi nianze na shamba.

Katika miaka ya 1960 mkulima mmoja wa Auvers-sur-Oise, kaskazini ya Paris, alikuwa akilima, jembe likatoa udongoni revolveri iliyoliwa na kutu. Ni Lefaucheux ya milimita 7, silaha ndogo ya mfukoni. Karibu na pale ndipo inaaminiwa kwamba mchoraji Vincent van Gogh alijipiga risasi mwezi wa 7 mwaka 1890. Mkulima akaipeleka kwa wenyeji wa auberge ya Ravoux, kile kihoteli ambamo Van Gogh alikufia, ikabaki kwa watu wa familia. Hawakuipiga msasa. Juni 2019 ikauzwa kwa mnada Paris, imeoza vile vile, kwa euro 162,500.

Hakuna aliyeapa kwamba ndiyo yenyewe. Kuko hata waandishi wanaosema Van Gogh alipigwa na mtu mwingine. Lakini muone namna walivyojaribu kujua: mahali ilipookotwa, kalibri inayopatana na risasi ambayo daktari aliitaja, na kutu yenyewe. Chuma kikikaa katika udongo wenye unyevu kinaliwa kwa mwendo ambao watu wa maabara wanaweza kuukadiria. Kutu ile ilikuwa shahidi. Mtu angeisafisha siku ya kwanza, angemfukuza shahidi kwa mkono wake mwenyewe na kubaki na kipande cha chuma cha franka kidogo.

Kuko nyingine, nayo ya milimita 7, na hii inatuleta Ubelgiji. Tarehe 10 Julai 1873, katika chumba cha hoteli kule Bruxelles, mshairi Paul Verlaine alimpiga risasi rafiki yake Arthur Rimbaud, ikamwingia kwenye kiwiko cha mkono. Verlaine akafungwa. Revolveri yake iliuzwa Paris tarehe 30 Novemba 2016 kwa euro 434,500. Walijuaje kama ni ile? Namba iliyochongwa kwenye chuma ilipatana na namba katika daftari ya duka lililomuuzia. Namba tu! Na ndugu zangu, musasa wa fundi unaanza kula nini? Unakula namba, unakula chapa, kwa sababu ndivyo vimechongwa juu-juu.

Kwa hiyo nilimwambia mwenzetu asiniletee kitu, anitumie picha tu. Kwenye kipipa nikaona chapa yenye umbo la yai, ndani yake herufi ELG, chini nyota, juu taji. Hiyo ni chapa ya Liège. Mji ule ulitengeneza bunduki kwa wingi wa ajabu katika karne ya 19. Vipande vingi vilichongwa nyumbani mwa mafundi, mwingine mtutu, mwingine mpini, kisha vinaunganishwa. Tangu 1672 kuko pale nyumba ya kujaribia bunduki: kila moja inapigwa na baruti nyingi kupita kiasi, isipopasuka inapigwa chapa. Taji juu ya yai iliongezwa 1893. Basi revolveri ya nkambo haikupata chapa ile mbele ya 1893. Hiyo ni ya kwanza tunayoijua kwa hakika, na tumeijua kwa sababu fundi hajaigusa bado.

Sasa tuje kwetu, maana huku ndiko swali linakuwa zito.

Tarehe 2 Julai 1890, kule Bruxelles, mataifa makubwa yalitia sahihi mkataba ambao wengi tuliusoma shuleni kama mkataba wa kupinga biashara ya watumwa. Ndani yake kuko sehemu nzima juu ya silaha. Kati ya digri 20 kaskazini na digri 22 kusini, ndiyo kusema Kongo nzima na majirani wake wote, bunduki nzuri zenye mifereji ndani ya mtutu zilikatazwa kuingia. Ziliwekewa mlango mdogo: majeshi ya Leta, na wasafiri wenye karatasi. Mwafrika aliachiwa gumegume, bunduki ya jiwe na baruti ya kawaida. Sababu iliyoandikwa ilikuwa kuzuia wakamataji wa watumwa, na kweli walikuwako. Lakini matokeo kila mtu aliyaona: silaha ya kisasa ikawa alama ya mzungu na ya askari wake.

Mwaka mmoja na nusu nyuma ya sahihi hiyo, tarehe 20 Desemba 1891, karibu na Bunkeya, msafara wa Stairs ulituma watu kumkamata Mwami Msiri. Kadiri ya masimulizi ya msafara wenyewe, kapiteni Mbelgiji Omer Bodson alitoa revolveri akampiga Msiri, na papo hapo mtu wa Msiri akampiga Bodson, naye akafa. Sisi wa Katanga tunajifunza tarehe ile kama mwisho wa utawala wa Garenganze. Mimi nikiisoma leo naangalia pia chombo. Bunduki ndefu ni ya kupigana kwa mbali. Revolveri ni ya mtu aliye karibu nawe, anayezungumza nawe uso kwa uso, na mkono wake uko kiunoni.

Basi kapita mweusi wa pamba alipata wapi chombo cha namna ile? Katika familia kuko masimulizi mawili. La kwanza: ajenti mzungu aliikimbia pamoja na nyumba yake mwaka 1960, na nkambo akaiokota. La pili, ambalo mama mukubwa analisema kwa sauti ya chini: alikuwa nayo mbele ya uhuru, bwana wake alimpa ili watu wamuogope.

Na hapa nitasema kama agronome. Pamba ya wakati ule haikuwa kilimo cha kupenda. Tangu 1917 Leta ilikuwa na sheria ya kulazimisha vijiji kulima mazao fulani, na pamba ilikuja kuwa kubwa kati ya hayo. Mkulima aliambiwa alime eneo gani, na bei haikuwa yake kuipanga. Asiyelima aliadhibiwa. Kapita ndiye aliyepita shambani kuhesabu mistari. Tunafundishwa leo kwamba wakulima wetu «wanakataa mbinu mpya», hatufundishwi sana kwamba mababu zao waliletewa mbinu mpya na mtu mwenye fimbo. Kama katika bonde lile kapita alikuwa na revolveri pia, hilo si jambo la salon. Kuko familia nyingine, vijiji vya jirani, ambako chombo hicho kinakumbukwa kwa upande wa pili wa mtutu.

Ndiyo maana sikubali mto. Namuelewa mama mukubwa, anataka aibu itoke nyumbani. Lakini ikizama, masimulizi mawili yatabaki kugombana milele bila kitu cha kuyapima. Nikeli nayo ni mto wa namna nyingine, ila huu unangaa.

Baba mudogo ana hoja yake na sitaki kumdharau. Anasema silaha hubadilishwa siku zote, hata wazungu wanabadilisha. Ni kweli. Nyuma ya vita kuu ya pili, revolveri za Webley za Waingereza, zile za mfano wa 1915, ziliuzwa kwa wingi Marekani. Risasi zake zilikuwa za shida kupata, basi wafanyabiashara wakakwangua kipipa ili kikubali risasi ya kawaida ya pistole ya jeshi la Marekani. Walifurahi. Ila risasi ile ina nguvu kuliko ile ambayo Webley ilijaribiwa nayo, na leo wakusanyaji wanaikimbia ile iliyokwanguliwa, wanalipa zaidi kwa ile ambayo haikuguswa. Kwa hiyo hata kwa hesabu ya franka tupu, fundi anampotosha. Na kwa hesabu ya vidole ni vibaya zaidi: silaha nyingi za umri huu zilitengenezwa kwa baruti nyeusi. Liège iliweka chapa ya pekee kwa zile zilizojaribiwa kwa baruti isiyo na moshi, herufi PV chini ya simba. Kwenye picha za mwenzetu sikuiona popote. Ukitia ndani risasi ya leo, kipipa kinaweza kupasuka mkononi mwa yule anayeishika.

Lakini hoja ya baba mudogo ina mguu mmoja imara, na ulinisumbua siku nyingi. Kuanzia 1871 kiwanda cha Colt kilichukua revolveri zake za zamani, zile za kujaza baruti kwa mkono, kikazigeuza zipokee risasi zenye ganda la chuma. Patenti ya wapinzani wake ilikuwa imekwisha, na kilikuwa na vipande vya zamani vingi vya kutumia. Leo zile zilizogeuzwa zinatafutwa kama dhahabu. Hakuna anayelia kwamba «ziliharibiwa». Mabadiliko yale ni sehemu ya maisha yake, yalifanywa na watu waliozihitaji, wakati wa kazi yake. Basi kama badiliko la 1871 ni historia, kwa nini la kwetu lisiwe?

Nimefikiri hivi. Linaweza kuwa, kama sababu yake ni ya kweli kwetu na tunaiandika. Kungaa salon si sababu. Kurudisha nguvu ya kuua, katika nchi hii ambayo imezika watu kwa silaha ndogo kwa miaka 30, ni sababu mbaya kupita zote. Lakini kuinyima nguvu hiyo ni sababu ninayoweza kuitetea mbele ya mwanahistoria yeyote. Badiliko moja tu, lisiloguza namba wala chapa wala alama za mkono kwenye mpini.

Na hata hilo si la fundi wa mtaa. Mnakumbuka mashambulio ya Paris ya Januari 2015. Kati ya silaha zilizotumiwa kulikuwa na zilizouzwa Slovakia kama zilizokwisha kugeuzwa, eti zinapiga kelele tu, watu wakazirudisha zikaua. Mwisho wa mwaka ule Ulaya ikatoa kanuni mpya, ya 2015/2403, ya namna ya kuua silaha isifufuke. Silaha iliyouawa nusu ni hatari kuliko nzima, kwa sababu watu wanaiacha mezani na watoto wanaichezea.

Tena kuko Leta. Sheria yetu ya silaha na risasi ni ile ya 3 Septemba 1985, na kushika silaha kunaomba ruhusa. Msitegemee kusema «ni ya nkambo, ni ya kale». Askari kwenye barriere hasomi chapa ya Liège. Usiku mmoja wa msako, sanduku ile ingeweza kumpeleka mwenzetu gerezani, ao vibaya zaidi, mtu akaja kuitafuta kwa nguvu.

Kwa hiyo hivi ndivyo tulivyopatana naye, nyuma ya simu tatu na baba mudogo. Picha zimepigwa za kila upande, karibu kabisa, na vipimo vimeandikwa. Hakuna kulipa fundi. Hakuna kuibeba katika saki na kupanda moto kwenda polisi: kwanza barua, kwa mkono wa avoka, kutangaza kwamba warithi wamekuta silaha na wanaomba iondolewe nyumbani kwa njia ya sheria. Katika barua ile ile wanaomba kwamba ikisha kuuawa ipelekwe makumbusho ya Lubumbashi kuliko kuyeyushwa. Huenda watakataliwa, na wanajua. Baba mudogo alinyamaza muda murefu, kisha akauliza kama jina la baba yake litaandikwa pale. Nikamwambia litaandikwa, na kazi yake pia.

Barua ingali kwa avoka. Mbele ya kuituma kuko kazi moja tu ambayo haiwezi kungoja: dada mdogo wa nkambo angali hai kijijini, anaona kidogo lakini anasikia vizuri. Mwenzetu anapanda gari wiki ijayo na telefone yenye nafasi ya kutosha. Nimemwambia asianze kwa kumuuliza habari za revolveri. Amuulize kwanza habari za pamba.