Majivu ya volkano na chokaa: namna kuta za Waroma zilivyojiziba nyufa

Januari 2002, volkano Nyiragongo ilipolipuka, lava ilifunika sehemu kubwa ya katikati ya mji wa Goma. Wakaaji walirudi, wakajenga juu ya mawe yale yale. Si wao wa kwanza kujenga kwa vitu vya volkano. Huko Italia, zaidi ya miaka 2000 iliyopita, Waroma walichanganya majivu ya volkano na chokaa, maji na vipande vya mawe, wakapata zege, ile tunayoiita beto. Paa la duara la Pantheon mjini Roma, lenye upana wa mita 43, limesimama karibu miaka 1900 bila chuma ndani yake.

Ndani ya kuta hizo mna vidonge vyeupe vya chokaa. Kwa muda mrefu wataalamu walisema ni kosa la mafundi, kwamba walikoroga vibaya. Lakini mwaka 2023 watafiti wa chuo cha MIT cha Marekani na wenzao walitoa matokeo ya kuchunguza ukuta wa mji wa kale wa Privernum, kusini mwa Roma. Walionyesha kwamba Waroma walitia chokaa kali, ambayo haijazimwa kwa maji. Mchanganyiko ulichemka na vidonge vikabaki. Ukuta ukipasuka, maji ya mvua huyeyusha chokaa ya vidonge hivyo, nayo huganda ndani ya ufa kama jiwe.

Watafiti walijaribu wenyewe. Walipasua beto ya namna hiyo, ufa wa nusu milimita, wakapitisha maji. Baada ya wiki mbili maji hayakupita tena. Katika beto isiyo na chokaa kali, maji yaliendelea kupita.

Uholanzi, mtafiti Henk Jonkers wa chuo cha Delft alifuata njia nyingine: alitia katika beto bakteria waliolala pamoja na chakula chao. Maji yakiingia katika ufa, wanaamka na kutengeneza chokaa inayouziba.

Faida yake ni kubwa, kwa sababu maji yakipenya katika beto ya leo hula vyuma vya ndani, na nyumba inadhoofika polepole. Lakini dawa hizi huziba nyufa ndogo tu. Nyumba iliyopasuliwa na tetemeko au bomu haijiponyi. Familia inayorudi na kukuta ufa ambao kidole kinaingia, imwite fundi kabla watoto hawajalala ndani.