Saa Iliyopanda Pikipiki

Waendeshaji wa pikipiki walipokusanyika St John's, katika Kisiwa cha Man, tarehe 28 Mei 1907, kuwania kwa mara ya kwanza kombe la Tourist Trophy, hapakuwa na hata mmoja wao ambaye, hali yu juu ya tandiko, angeweza kujua kwa yakini mzunguko umemchukua muda gani, kwani ilimu hiyo ilikuwa milki ya makarani waliosimama kando ya njia na saa zao viganjani.

Taabu ilizidi tangu 1911, mashindano yalipohamishiwa njia ya mlima wa Snaefell, ambayo mzunguko wake mmoja hukaribia kilomita 61. Huko washindani huondoshwa kwa zamu, hata yule umwonaye mbele yako huenda kwa hesabu ya saa yuko nyuma yako. Na hasimu wako wa kweli pengine hutamwona mpaka jioni. Kwa hiyo wasaidizi walijipanga njiani na vibao vilivyoandikwa kwa chaki, na pale mjini Douglas vijana wa skauti walizungusha mishale ya ubao mkubwa ili umma ujue kila mtu kafika wapi. Hata mwaka 1957, Bob McIntyre alipouzunguka mlima ule kwa wastani uliopita maili 100 kwa saa, jambo lisilopata kutokea, shahidi wake alikuwa saa ya mtu mwingine.

Baadaye saa ilipanda pikipiki yenyewe, ikiamshwa kila mzunguko na sumaku iliyofukiwa njiani ama taa ya miale isiyoonekana. Walakini ilisema muda tu, haikusema umepotelea kona gani. Mlango wa kulijua hilo ulifunguka hasa Mei 2000, Marekani ilipoondoa upotofu iliokuwa ikiutia kwa makusudi katika ishara za setilaiti zake za kuonyesha mahali kwa raia, na tangu hapo ala ndogo ya kunasa mwendo ikaweza kuchora njia nzima ya mpandaji.

Anayechagua ala hiyo leo, kwa rai yangu, asighilibiwe na uzuri wa kioo, bali aulize inapima mara ngapi kwa sekunde. Pikipiki iendayo kilomita 200 kwa saa hukata takriban mita 55 kila sekunde. Basi simu ya mfukoni, ambayo aghalabu hupima mara moja tu, huruka kona ndogo nzima, ilhali ala ipimayo mara 25 huacha alama kila baada ya mita mbili na ushei. Inayonakili breki na mafuta pia ni bora zaidi, iwapo mwenyewe ana subira ya kuyasoma akishashuka.

La ajabu ni kwamba huko Uingereza, waandaaji wengi wa siku za kupanda kiwanjani huzikataza saa hizi kabisa, maana kwa watu wa bima, mwendo ukishapimwa huwa mashindano.