Istilahi za Mapigo ya Moyo katika Mazoezi ya Baiskeli: Chimbuko na Matumizi Yake

Waendeshaji wa baiskeli za mashindano hugawa mazoezi yao kwa kufuata mapigo ya moyo. Mwalimu humwagiza mwanafunzi wake aendeshe saa mbili katika ukanda wa pili, au dakika ishirini katika ukanda wa nne. Maagizo kama hayo yanapofasiriwa kwa Kiswahili, kazi huonekana nyepesi. Lakini historia ya istilahi zinazohusika yatuonyesha kwamba tarakimu zile zile hupimwa kwa misingi mitatu iliyozaliwa nyakati mbalimbali. Mfasiri asiyeitenganisha aweza kumtwika mwanamichezo mzigo usiomstahili.

Kuhesabu mapigo ni jambo la kale. Herophilus wa Aleksandria, katika karne ya 3 kabla ya Kristo, aliyapima kwa saa ya maji. Na mwaka 1707 tabibu Mwingereza John Floyer alichapisha kitabu juu ya saa aliyoitumia kwa kazi hiyo. Hao waliyahesabu mapigo ili kumjua mgonjwa. Ilikuwa mwaka 1954, huko Stockholm, Per-Olof Åstrand na Irma Ryhming walipoonyesha namna ya kukadiria uwezo wa mtu wa kutumia oksijeni kutokana na mapigo yake anapofanya kazi ya uzito unaojulikana, kama vile kukanyaga baiskeli ya maabara isiyotembea. Hivyo mapigo yakawa kipimo cha bidii ya mtu mzima wa afya.

Msingi wa kwanza ulitoka Ufini mwaka 1957. Martti Karvonen na wenzake waliwachunguza vijana waliokuwa wakifanya mazoezi ya kukimbia, wakahesabu bidii yao kwa tofauti iliyopo baina ya mapigo ya mapumziko na upeo wa mapigo. Tofauti hiyo twaweza kuiita akiba ya mapigo. Neno hili lafaa, kwa kuwa mazoezi hushusha mapigo ya mapumziko ilhali upeo haubadiliki sana. Basi akiba huongezeka.

Msingi wa pili ni upeo wenyewe. Mwaka 1971 Samuel Fox, John Naughton na William Haskell walichapisha makala ambayo ndiyo hutajwa kuwa chimbuko la kanuni mashuhuri: 220 kutoa umri. Kanuni hiyo ilienea kwa wepesi wake. Hata hivyo, Robert Robergs na Roberto Landwehr walipoichunguza asili yake mwaka 2002, walieleza kwamba haikutokana na utafiti uliofanywa kwa ajili ya kuipata. Mwaka 2001 Hirofumi Tanaka na wenzake walikuwa wamependekeza 208 kutoa asilimia 70 ya umri. Kwa mtu wa miaka 40 kanuni zote mbili hutoa 180. Kwa mtu wa miaka 60 ya kwanza hutoa 160, ya pili 166. Tena watu wa umri mmoja hutofautiana kwa mapigo kumi au zaidi, na mtu akiwa juu ya baiskeli aghalabu upeo wake huwa chini kidogo kuliko anapokimbia.

Msingi wa tatu ni kizingiti, yaani kadiri ya bidii ambayo mtu akiivuka, laktati hujikusanya damuni upesi kuliko inavyoondolewa. Mwaka 1982 Francesco Conconi wa Italia na wenzake walitangaza jaribio la kukitafuta kizingiti kwa mapigo peke yake. Jaribio ambalo wataalamu wengine walilipinga baadaye. Mwaka huo huo kampuni ya Polar Electro ya Ufini ilitoa chombo cha kufungwa kifuani chenye kupeleka hesabu ya mapigo kwenye saa ya mkononi bila waya. Mnamo Januari 1984, mjini Mexico City, Francesco Moser, aliyeandaliwa na kundi la Conconi, alikwenda kilomita 51.151 kwa saa moja. Tangu hapo saa ya mapigo ikazidi kupendwa na waendeshaji.

Natutazame sasa matokeo ya kuchanganya misingi hiyo. Mwendeshaji ana mapigo ya mapumziko 60, kizingiti 160 na upeo 180. Asilimia 60 ya upeo ni mapigo 108. Asilimia 60 ya akiba, ikijumlishwa na mapigo ya mapumziko, ni 132. Asilimia 90 ya kizingiti ni 144; asilimia 90 ya upeo ni 162, naye amekwisha kukivuka kizingiti. Mfasiri aliyeandika "asilimia 90 ya mapigo" bila kutaja msingi amegeuza zoezi la kustahimili kuwa zoezi la kuchosha.

Kuhusu jina la vigawanyo, wako waonao kwamba "daraja" lafaa. Lakini kwetu daraja la kwanza ndilo bora kuliko yote, na hapa la kwanza ndilo jepesi kuliko yote. "Kiwango" nacho hudokeza nukta moja, si nafasi iliyo baina ya mipaka miwili. "Ukanda" lina nafuu. Msomaji wa Tanzania anayeijua Kanda ya Ziwa anafahamu kwamba mipaka ya kanda huwekwa na watu kwa ajili ya kazi zao. Ndivyo ilivyo kwa kanda za mapigo: moyo haujui kwamba umetoka ukanda wa pili kuingia wa tatu.

Kwa hiyo twapendekeza kila ukanda uandikwe pamoja na msingi wake, iwe akiba, upeo au kizingiti. Na upeo uliokadiriwa kwa umri usiitwe upeo uliopimwa. Istilahi iliyo sanifu na isiyotaja msingi wake bado haijamfaa anayeitumia.