Kibindo Chenye Dirisha

Wahenga waliweka akiba kibindoni, mahali ambapo jicho la jirani halikufika. MetaMask, pochi ya sarafu za kidijitali iliyozinduliwa mwaka 2016 ikae ndani ya kivinjari, ilianza kinyume: tovuti yoyote uliyoifungua iliweza kusoma anwani ya pochi yako. Na kwa kuwa daftari la Ethereum li wazi kwa umma, anwani hiyo ilifichua salio na miamala yote.

Mwaka 2018 ikaongezwa hali ya faragha, inayoilazimu tovuti kuomba ruhusa kwanza. Hata hivyo, kwa muda mtumiaji alipaswa kuiwasha mwenyewe. Novemba 2022 kampuni mama, ConsenSys, ilieleza kwamba anayetuma muamala kupitia Infura, njia iliyopangwa tangu awali, huacha huko anwani yake ya intaneti pamoja na ya pochi. Lawama zilipozuka, ikaahidi mwezi uliofuata kutozihifadhi zaidi ya siku 7.

Fundisho ninaloliona ni hili: uhuru wetu hautegemei tu uwezo uliomo ndani ya chombo, bali hali kinayokuja nayo. Wengi hawagusi mipangilio. Basi anayeipanga kabla yao ndiye anayeamua nani achungulie kibindo chao. Uamuzi huo ni wa kisiasa, nasi hatuna budi kuuhoji.